Kipande cha Aproni

Nyuma ya karakana ya Wete, penye tanuri
linalozimika kila umeme unapokohoa,
tunaoka vibao.

Cha kwanza ni plastiki tupu.
Cha pili, plastiki na makumbi ya nazi yaliyosagwa.
Cha tatu kilipasuka, tusikitaje.
Cha nne ni uji wa mwani wa Tumbe,
mwani ule ule uliomkunja mama kiuno:
tumeuchemsha, tumeugandisha,
tumeyafungia maji ndani yake
kama siri kwa mtu asiyesema.
Cha saba ni risasi.

Risasi niliikata kwenye aproni ya baba.
Miaka ishirini na minane Mzee Shaame Hamad
alipiga picha mifupa ya watu, hospitali ya Chake:
mikono ya wachuma karafuu walioanguka mitini,
vifua vya wenye kikohozi,
kidole cha mtoto kilichobanwa na mlango.
Aproni ile ilimshusha bega la kushoto.
Alipostaafu aliiomba. Chukua, wakamwambia, ni kuukuu.
Akaitundika nyuma ya mlango
kama ngozi ya mnyama aliyemshinda.

"Nipe kipande cha kiganja, baba."
"Cha nini?"
"Kuna watu wanataka kwenda mbali, kuupita mwezi.
Huko kuna miale, na hakuna swichi ya kuizima."
Akaleta mkasi mwenyewe.

Uwanja wa ndege ofisa akafungua boksi,
akakinusa kibao cha nne, kahawia, kinang'aa.
"Hii halua?"
"Si halua. Ni ukuta."
"Ukuta wa nyumba ya nani?"
Nikakosa jibu. Dokta Raya akasema,
"Ya mtu ambaye bado hajaondoka."
Akagonga muhuri.

Wiki tisa.
Huko nchi ya baridi, ndani ya mashine ya chini ya ardhi,
viini vya chuma vilirushwa kwa mwendo wa kuikaribia nuru,
vikapigwa juu ya vibao vyetu, kimoja kimoja,
na nyuma ya kila kibao kipimo kilikaa kimya
mahali ambapo mtu angelala.

Majibu yakaja usiku, tanuri limezimika tena,
nikayasoma kwa mwanga wa simu.
Makumbi yalijitahidi.
Mwani uliwapokea wageni, ukawachosha:
hidrojeni, chepesi kuliko vyote,
ndiyo iliyoshika mlango.
Na risasi ilizaa risasi.
Chembe moja iliingia, kundi likatoka,
kila moja na njia yake, kila moja na shabaha.
Tulikuwa tumekikunja kile kipande mara mbili,
kinga juu ya kinga,
na kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Nikacheka peke yangu, gizani, kama mwehu.

Nilimkuta baba anamenya muhogo.
"Basi miaka yote ile nilivaa bunduki?"
"La, baba. Miale yako ilikuwa ya hospitali,
risasi iliimeza. Hii ya nyota zilizokufa ni nyingine."
Akamenya. Muhogo ukaisha, kisu bado kimo mkononi.
Nilitaka kumwambia nililiona daftari lake,
namba za beji yake mwezi baada ya mwezi, ndogo, safi,
kwa mwandiko ule wa kuegemea kulia.
Sikusema.

"Mama yako ana habari?"
Mama alikuwa pwani. Maji yamekupwa,
anafunga mwani kambani, fundo, fundo, fundo,
na mnunuzi ameshusha bei tena.
"Mwambie awapandishie hao wa kwenda mbali."

Kisha akausogeza mlango,
akatia kiganja kwenye lile pengo
lililokuwa, nikaona sasa, mahali pa ini.
"Na kipande changu kinarudi lini?"

"Bado kinapoa, baba.
Wamesema bado kinapoa."